Baba hataki herufi zake kubwa ziguswe

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu lisitajwe, maana Tabora tunajuana na ndugu zangu ni wasomaji wa safu hii. Mimi ni mwanamke mwenye mume na watoto, nina steshenari mjini. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, nachapa barua za kuomba kazi na mihtasari ya vikao, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kazi naipenda, na watu wa ofisi kadhaa huniletea mimi kwa sababu wanasema kazi yangu ni safi.

Baba yangu ni mzee wa reli. Alizaliwa Ujiji, akalelewa na mama yake peke yake, yaani bibi yetu, aliyekuwa akiuza mawese. Aliajiriwa wakati reli bado ni ya Afrika Mashariki nzima, akaanza na ukarani wa tiketi, akamaliza akiwa stesheni masta kwenye vituo vya njia ya Kigoma: Kaliua, Nguruka, Uvinza. Tangu astaafu yuko hapa Tabora, na kwa miaka mingi amekuwa akiandika habari za maisha yake kwenye madaftari, kwa Kiingereza. Ukimuuliza kwa nini Kiingereza, anasema kazi yake yote aliifanya kwa lugha hiyo, vitabu vya kazi vilikuwa vya lugha hiyo, na mambo ya kazini yanamjia hivyo hivyo.

Sasa macho yamepungua nguvu, akanikabidhi madaftari nimchapie kiwe kitabu. Tunataka kigawiwe Desemba, ukoo ukikutana. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ndiye anayelipia uchapaji.

Tatizo ni herufi kubwa. Baba anaziweka kila mahali. Nakunukulia sentensi chache uone mwenyewe:

“My Mother sold Palm Oil at Ujiji and people respected Her.”

“I said, Yes, Mother, the Train has come.”

“I was born in the Western Province, near the Lake.”

“The Station Master at Nguruka was a Strict Man but he taught me Everything.”

“In the Rainy Season the Line was under Water and we prayed that God in His mercy would spare the Bridge.”

Nilichapa kama yalivyo, nikamtumia kaka faili alipitie. Kaka anafanya kazi kwenye ofisi ambayo ripoti zake zote ni za Kiingereza. Akalirudisha likiwa limefyekwa: mother, train, lake, western province, station master, his mercy, zote ndogo, hata ile ya “Yes, mother”. Zilizobaki na herufi kubwa ni mwanzo wa sentensi, I, na majina ya watu, ya miji na ya Mungu. Anasema kitabu kitakuwa na jina la ukoo wetu juu yake, na mtu wa kwanza kukifungua asije akadhani mzee hakusoma.

Halafu likatokea jambo lililoniuma. Mwanangu anasoma shule ya inglishi midiamu. Alikuja dukani siku moja, akasoma ukurasa wa kwanza kwenye kompyuta, akasema kwa sauti: “Babu kakosea, mother haianzi na herufi kubwa.” Babu yake alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Hakusema kitu mbele ya wateja. Jioni akaniita, akaniambia: “Mwanangu, Kiingereza gani hicho kinachompa herufi kubwa mtu anayejitaja mwenyewe, I, kikamnyima mama yake? Mimi sikukisoma hivyo. Kitabu kitoke kama nilivyoandika. Ukimshusha mama yangu, umenishusha na mimi.”

Faili la kaka baba hajaliona wala hajui kama lipo. Nilipomweleza kaka maneno ya mzee, alinyamaza kidogo kisha akasema: “Mpelekee mchapaji hili langu. Baba haoni vizuri, hatajua.” Sijampelekea mtu yeyote chochote. Mafaili yote mawili yako kwenye kompyuta yangu, na mchapaji ananisumbua.

Mama, naomba unisaidie. Kwanza, je, kweli baba amekosea? Mimi nachapa barua za watu kila siku lakini sasa hata mwenyewe nimeanza kutilia shaka ninachokijua. Pili, nimsikilize baba kitabu kichekwe, au nimsikilize kaka ambaye hela ni zake na Kiingereza anakijua? Na jina langu nalo limo humo, maana kila mtu hapa atajua aliyechapa ni mimi.

Binti wa Mzee wa Reli, Tabora

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikarudia, na zile sentensi za baba yako nimezisoma zaidi. Huyo mzee anaandika vizuri. Naanza na hilo kwa sababu katika barua nzima hakuna aliyelisema: wewe umeshikwa na herufi, kaka naye kashikwa na herufi, mjukuu vilevile. Kuna mtu mmoja tu anayeongea habari ya yule mama wa Ujiji, naye ndiye mnayetaka kumsahihisha.

Nilivyokuelewa, mezani kwako kuna mambo matatu yaliyoingiliana. Lipo swali la kanuni za Kiingereza. Lipo la mzee aliyekukabidhi madaftari yake. Na lipo lile neno la kaka yako, “hatajua”, ambalo naona limekuumiza kuliko ulivyoandika. Niruhusu niyatenganishe kidogo, nikianza na kanuni, kwa kuwa hapo ndipo umeanza kupoteza imani na unachokijua, na hukustahili kuipoteza.

Umeandika kana kwamba kuna faili la makosa na faili sahihi. Mimi sioni hivyo. Msingi wa Kiingereza cha leo ni kwamba herufi kubwa hupewa jina la kitu kimoja maalumu, na herufi ndogo hupewa aina ya kitu. Ujiji ni jina, mji ni aina. Siku na miezi huhesabiwa kuwa majina, majira ya mwaka hapana. Ndiyo maana Monday na April huanza na kubwa na rainy season hubaki ndogo. Lugha na mataifa ni majina pia. Kwa kipimo hicho Palm Oil, Strict Man, Everything, Water na Bridge hazina pa kushika. Hakuna mwongozo wa uandishi wa siku hizi utakaozitetea, na sidhani mzee naye atazipigania sana.

Lakini tazama “Yes, Mother”. Hapo mtoto anamwita mama yake, na neno hilo limekaa mahali pa jina lake. Kiingereza chenyewe kinadai herufi kubwa hapo. Ni “my mother”, kwa sababu “my” imeligeuza kuwa neno la ukoo la kawaida, lakini ni “Yes, Mother”, na vilevile “I told Mother” pasipo “my”. Kwa hiyo mjukuu alisema kweli kuhusu sentensi moja na asingekuwa sahihi kuhusu nyingine, na kaka yako alipozishusha zote kwa pamoja aliingiza kosa ambalo mzee hakulifanya. Hali ni hiyo hiyo kwa Western Province. Baba yako alizaliwa wakati wa majimbo ya kikoloni, na jimbo hilo, ambalo makao yake yalikuwa hapo hapo Tabora na Kigoma ilikuwa ndani yake, liliitwa hivyo rasmi. Ni jina. Kuliandika kwa herufi ndogo ni kusema alizaliwa katika jimbo fulani la upande wa magharibi, lisilojulikana. Nadhani kaka yako hakuligundua kwa sababu jimbo hilo halipo tena.

Kisha kuna maneno yaliyo katikati, ambayo watu wazima wenye elimu zao hawakubaliani juu yake hadi leo. “God in His mercy” ni mojawapo. Wapo wachapaji wanaoandika kiwakilishi cha Mungu kwa herufi kubwa na wapo wasiofanya hivyo; Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, haikuvipa viwakilishi hivyo herufi kubwa, wala hakuna aliyedai waliotafsiri hawakumheshimu Mungu. Huyo mzee hana kosa, na kaka naye hana. Hapo ni imani ya mwandishi na mazoea ya nyumba inayochapa.

“The Lake” nalo nalitazama kwa huruma. Kitabuni ni Lake Tanganyika kwa herufi kubwa, na likibaki lenyewe ni the lake. Lakini watu wa London huandika “the City” kwa herufi kubwa wakikusudia eneo lao moja la mabenki, na Waingereza huandika “the Channel” wakikusudia mlangobahari wao mmoja. Mtoto wa Ujiji ana ziwa lingine gani?

“Station Master” linanigusa zaidi, kwa kuwa nadhani najua mzee alikolitoa. Vitabu vya kanuni vya reli za Kiingereza viliandika Driver, Guard, Signalman kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, kwa maana kila cheo kilibeba wajibu wake na adhabu yake. Sheria zetu zilizoandikwa kwa Kiingereza hufanya hivyo hadi leo: the Minister, the President. Nawe bila shaka umechapa mikataba yenye “the Company” na “the Tenant” toka mwanzo hadi mwisho bila kushtuka. Magazeti na vitabu vya kawaida wataandika stationmaster kwa herufi ndogo kama halifuatwi na jina la mtu, na huo ndio mtindo wa kaka yako. Mzee alisomeshwa Kiingereza cha kazini, akakishika barabara kwa maisha yake yote ya kazi. Aliposema “mimi sikukisoma hivyo” huenda alikuwa anasema kweli tupu.

Sasa niende kwenye swali lake, lile la I na mama. Ni swali zuri, na ningependa ujue jibu kabla hujaenda kukaa naye. Wanahistoria wa lugha hiyo wanaeleza kwamba zamani neno hilo lilikuwa ic, likamegeka hadi likabaki herufi moja. Herufi ndogo i ikisimama peke yake kwenye mswada wa mkono inapotea machoni au inaonekana kama alama iliyodondoka, basi waandishi wakairefusha isomeke. Majivuno hayakuhusika. Wajerumani, hao hao waliojenga reli aliyoitumikia, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wanafanya kinyume: mimi kwao ni ich, kwa herufi ndogo, na “wewe” ya heshima ni Sie, kwa herufi kubwa. Tena wao kila nomino huipa herufi kubwa. Mama ni Mutter, treni ni Zug, ziwa ni See. Daftari la baba yako lingekuwa la Kijerumani, kaka asingekuwa na la kufuta kwenye nomino hata moja.

Na Waingereza wenyewe walikuwa karibu na hapo zamani. Karne ya 17 na ya 18 vitabu vyao vilijaa nomino zenye herufi kubwa. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inaanza “We the People of the United States, in Order to form a more perfect Union”. Angalia ile Order. Desturi hiyo ilififia baadaye. Kanuni za leo ni makubaliano ya watu, na makubaliano hubadilika hata sisi tukiwa tunatazama: shirika la habari la Associated Press, ambalo mwongozo wake hufuatwa na magazeti mengi ya Marekani, liliishusha internet kuwa na herufi ndogo mwaka 2016.

Ningeweza kukuambia, kama walimu wengi wanavyosema, kwamba herufi kubwa haina uhusiano wowote na heshima, ni alama ya jina tu. Nusu ya jambo hilo ni kweli. Wataalamu wa samaki wanapoandika dagaa wa ziwa letu kwa jina la kisayansi huandika Stolothrissa tanganicae, lile neno la pili kwa herufi ndogo ingawa limetokana na Tanganyika, na hakuna anayelalamika kuwa ziwa limedharauliwa. Ni kanuni ya fani yao. Lakini nusu ya pili inamtetea mzee. Wamarekani weusi walipigania kwa miaka mingi jina walilokuwa wakiitwa, Negro, liandikwe kwa herufi kubwa kama majina ya watu wengine, na gazeti la New York Times likakubali mwaka 1930. Mwaka 2020 Associated Press nalo likaanza kuandika Black kwa herufi kubwa linapotaja watu hao. Watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza waliona kuwa herufi ndogo inaweza kumshusha mtu, wakasimama wakasema. Kwa hiyo mzee anapokuambia umemshusha mama yake, usidhani ni mawazo ya mtu wa Ujiji asiyeelewa Kiingereza.

Nimekaa sana kwenye kanuni, naomba unisamehe, ila nilitaka uingie kwenye mazungumzo haya ukiwa na miguu chini.

Sasa tuje kwenu. Umeniuliza umsikilize nani. Mimi nakuuliza kwanza: kitabu hiki ni cha nani, na kitasomwa na nani? Umesema kitagawiwa Desemba ukoo ukikutana. Hao ni wajukuu, mashangazi, wazee wenzake wa reli labda. Ni wangapi kati yao watakaofungua wakitafuta makosa ya herufi, na ni wangapi watakaotafuta kama jina la mama yao limo? Hofu ya kuchekwa naiheshimu, kwa kuwa mjukuu alishacheka, au angalau alisahihisha kwa sauti. Ila jiulize kama hofu hiyo ni ya mzee, au ni ya wewe na kaka yako. Mzee mwenyewe sikumsikia katika barua yako akiogopa kuchekwa.

Njia ya kwanza ni kuchapa kama ilivyo, kila herufi. Faida yake ni kwamba ameshasema anavyotaka, na kitabu ni chake. Hatari yake ni kwamba “Strict Man” na “Water” zitasimama sawa na “Mother”, na msomaji akiona kila kitu ni kikubwa hataona kilichokusudiwa kuwa kikubwa. Kuna pia lile neno “Her” katika sentensi ya kwanza. Kiingereza, ukiiacha ile I, pale kinapokubali kiwakilishi chenye herufi kubwa katikati ya sentensi, kwa kawaida humwekea Mungu. Msomaji wa Kiingereza akiona Mother na Her zimefuatana anaweza kudhani mwandishi anazungumzia mtu anayeabudiwa. Sijui kama mzee anataka hivyo. Pengine hajui kwamba linaweza kusomeka hivyo, na mtu wa dini akiambiwa huenda akaliondoa mwenyewe haraka.

Njia ya pili ni faili la kaka. Ni safi kwa sehemu kubwa, litampendeza msomaji wa ofisini, na likisahihishwa pale kwenye “Yes, Mother” na Western Province litakuwa safi zaidi. Hatari yake unaijua, ndiyo maana ukaniandikia. Herufi kubwa haisikiki, mwanangu. Mtu akimsomea mzee kitabu kwa sauti, mafaili yote mawili yatatoka sawasawa masikioni mwake. Katika hilo kaka yako ana hoja, na ndiyo inayolifanya jambo liwe zito: kila kitu kinategemea ninyi wawili. Lakini mzee mwenye macho hafifu huwa na lenzi yake, au mjukuu wa kumwonesha, na akikishika kitabu mkononi sitashangaa kama neno la kwanza atakalolitafuta ni lile moja. Hata asipolitafuta, wewe utakuwa unajua. Sitakuambia uamue nini hapo. Nakuomba tu ujiulize kama ungeweza kukaa naye siku hiyo ya Desemba, watu wanampongeza, ukiwa unajua.

Njia ya tatu ni kukaa naye, na hii ina ugumu wake usioonekana haraka. Ukienda na kanuni mkononi ukamwonesha moja baada ya nyingine, anaweza kusema “basi, fanyeni mnavyojua”. Ukadhani amekubali, kumbe ameaibika. Ukiona anakubali upesi kila unachomwambia, hasa mbele ya kaka au ya mjukuu, simama hapo, funga kompyuta, mpikie chai, rudi siku nyingine. Ningekushauri uende ukiwa peke yako, na badala ya kumweleza alipokosea, umuulize ni maneno gani hayuko tayari kuyaachia. Muulize kwa nini Mother. Muulize huyo Station Master wa Nguruka alikuwa nani kwake. Mwambie ulichojua kuhusu ile I, maana aliuliza na hakuna aliyemjibu. Mwambie habari ya His na Her, umwachie mwenyewe aseme. Kwa ninavyomwona kwenye maandishi yake, naamini Palm Oil ataicheka mwenyewe.

Halafu andika maneno aliyoyachagua kwenye karatasi, uibandike pembeni ya kompyuta. Wahariri wa vitabu hufanya hivyo hivyo kwa kila mswada: huweka orodha ya maneno na namna yatakavyoandikwa katika kitabu hicho, na wakishaweka hawayumbi. Kikiwa na utaratibu mmoja toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kitu ambacho kingeonekana ni kosa huonekana kuwa ni mtindo. Mother akibaki na kubwa, muulize Father naye vipi, na Grandmother, na mama za watu wengine aliowataja. Akisema ni mama yake peke yake, iandike hivyo kwenye karatasi. Na wakati wa kubadilisha, tafadhali usitumie ile amri ya kompyuta ya kubadilisha zote kwa mkupuo. Nahisi ndiyo iliyomponza kaka yako kwenye “Yes, Mother”. Pitia moja moja. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini wewe ni mtu wa kazi safi.

Mnaweza pia kuweka maneno machache mwanzoni mwa kitabu, kwa sauti ya mzee mwenyewe, akieleza kwamba baadhi ya maneno ameyaandika kwa herufi kubwa kwa kusudi. Wapo watakaoona mnajitetea kabla hamjashtakiwa, na wengine watasoma Mother kwa moyo mwingine. Mwache yeye apime kama anapenda kueleza au anapenda kunyamaza.

Kuhusu kaka yako, usiende kwake kama unaleta ushindi. Nimemsikia kama mtu anayeogopa baba yake asionekane mdogo mbele ya wageni, na hilo ni pendo pia, hata kama limetokea mahali pabaya. Analipia, na mwenye kulipia hupenda kusikilizwa. Mpe ile kazi anayoiweza: zile sehemu ambazo hazina ubishi, nukta, tahajia, majina ya vituo. Mwoneshe Western Province, naamini ataelewa mara moja. Kuhusu “hatajua”, ikiwezekana msimalizie kwenye simu. Mwambie tu kwamba umepanga kumuuliza baba, na kwamba ungependa na yeye awepo siku ya kumsomea orodha itakayopatikana. Anaweza kukasirika, anaweza hata kusema hela hatoi. Ukiona dalili hizo, ujue mapema mchapaji anataka kiasi gani kwa nakala chache tu za kuanzia, usije ukaamua jambo la baba kwa kubanwa na tarehe. Ukoo unaweza kupokea kitabu mwezi Machi.

Na kijana wako, usimgombeze. Aliona kanuni aliyofundishwa akaisema, na kwa “my mother” ana haki. Mkalishe na babu yake siku moja wakiwa wawili, bila wateja, amuulize kuhusu “Yes, Mother”. Itakuwa vizuri mtoto akagundua kwamba babu alikuwa sahihi pale ambapo mtu mzima wa ofisini alikosea.

Kuhusu jina lako na steshenari yako: ukitaka, ukurasa wa nyuma ya jalada unaweza kusema kuwa kitabu kimechapwa kwa kufuata mwandiko na mapenzi ya mwandishi. Wateja wako wanaojua kusoma watakuelewa.

Ukishakaa naye, niandikie tena. Nitumie sentensi zile mtakazokwama, tutazitazama moja moja, na uniambie yule Station Master wa Nguruka alikuwa nani.